Usilaumu Kete Kabla ya Kuhesabu



Wajukuu zangu, nawaandikia ninyi mnaopaki bodaboda pale njia panda ya Uyovu, Runzewe, ninyi mnaopanda kutoka kwenye duara la dhahabu vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi, na ninyi mnaoshinda karibu na karasha mkisubiri zamu ya mifuko yenu kusagwa. Kuna neno nalisikia vinywani mwenu kuliko salamu. Duara likitema, bahati. Likiingia maji, mkosi. Mkeka wa kubeti ukitiki, bahati. Timu moja ikiuchana, mkosi. Nilidhani neno hilo litaishia huko huko. Sasa mmelibeba mpaka kwenye meza ya dhumna. Kijana anafungwa mara tatu mfululizo, anazisukuma kete zake katikati ya meza na kusema, "Babu, leo napata kete mbaya."

Kete mbaya zipo, sikatai. Kete ziko 28, kila mchezaji anachukua saba, na ukikaa ukapiga hesabu, saba zinazoweza kukuangukia ni za namna 1,184,040. Huwezi kuchagua. Utaamka siku moja na dabo tano mkononi, utatamani ardhi ipasuke. Hiyo ndiyo sehemu ya bahati katika mchezo huu, na inakwisha pale mtu wa mwisho anapookota kete yake ya saba. Kuanzia hapo kila kinachotokea mezani kinaonekana, na anayeona asihesabu asimtafute mchawi.

Naelewa kwa nini mji wetu unalipenda neno bahati. Bukombe, wilaya yetu, ilikuwa ya Shinyanga, ikawa ya Geita mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012, lakini dhahabu haikusubiri mipaka. Mmekua mkiona mtu anachimba miezi mingi anatoka na madeni, na jirani yake, matimba ni yale yale na nyundo ni zile zile, anajenga nyumba ya bati la rangi. Ukiyaona hayo tangu utoto utaamini kwamba dunia nzima inagawa vitu kwa kufumba macho. Kisha malori yanayopita kutoka Dar es Salaam kwenda Rusumo yanawaletea habari za watu waliofanikiwa mbali. Wazee walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Mimi naongeza kwamba kuna vitu havihitaji bahati kiasi mnachodhani, na mojawapo ni huu mchezo mnaoulaumu.

Tuanze na kete zenyewe, maana nimegundua wengi wenu mnacheza bila kujua mmeshika nini. Seti ya kawaida inaanzia tupu-tupu mpaka sita-sita. Namba ziko saba ukihesabu na ile tupu. Kila namba imo kwenye kete saba, na kwa kuwa dabo yake inaibeba mara mbili, kila namba ina ncha nane. Nukta zote za seti nzima ukizijumlisha ni 168. Shikeni hesabu hizo tatu: saba, nane, 168. Mtu asiyezijua anacheza kwa macho tu.

Mchezo huu umetoka mbali. Unatajwa katika maandishi ya China ya karne ya 13, na huko seti ina kete 32 wala haina tupu, kwa sababu chimbuko lake ni dadu mbili. Ukirusha dadu mbili matokeo tofauti ni 21, wao wakayarudia baadhi. Ulaya ilianza kuucheza huko Italia mwanzoni mwa karne ya 18, na seti ya Ulaya ikawa na yale matokeo 21 pamoja na kete saba za tupu, ndizo 28 hizi. Kwa upande wetu umekaa zaidi pwani. Nenda Unguja, Mji Mkongwe, pale Jaws Corner, utawakuta wanaume na vikombe vidogo vya kahawa chungu, dhumna upande huu na bao upande ule. Oman nako wanaucheza. Mimi niliujulia Dar es Salaam nilipokuwa utingo, kwa wazee wa pwani ambao hawakumfundisha mtu kwa maneno. Ulikaa nyuma ya bega la mmoja wao, ukanyamaza, ukaangalia.

Namna za kuucheza ni nyingi, na ugomvi mwingi wa vijiweni unatokea kwa sababu watu wawili wamekaa meza moja wakicheza michezo miwili.

Kuna kuokota. Watu wawili, kila mmoja kete saba, kumi na nne zilizobaki zinalala kifudifudi pembeni. Usipokuwa na kete inayokubali, unaokota mpaka upate, na kwa desturi za wengi kete mbili za mwisho haziguswi. Ni mchezo wa kupitishia muda wakati gari linafungwa tairi. Sina ubaya nao, ila unamzoesha kijana vibaya: akikwama anajua kuna ghala la kwenda kuchota.

Kuna kufunga bila kuokota. Ukikosa, unagonga meza, unasema pasi, mwenzako anaendelea. Mkiwa watatu mnagawana tisa tisa na kete moja inabaki imelala. Msiidharau hiyo moja. Unaweza kuhesabu vizuri kabisa, ukasema kete ya tatu-nne iko kwa fulani, kumbe iko pale pembeni inawachungulia wote. Watatu ni mchezo wa kukisia zaidi.

Kuna ya tano. Hapa unapata pointi mchezo ukiwa bado unaendelea: kila ukilaza kete, jumlisha ncha mbili zilizo wazi, zikigawanyika kwa tano unaandikiwa jumla hiyo. Ncha moja nne na nyingine sita, kumi zako. Dabo ikiwa mwishoni inahesabiwa pande zote mbili, kwa hiyo anayefungua kwa tano-tano ameanza na kumi. Ni mchezo mtamu kwa mtoto wa shule, unamnoa hesabu za kujumlisha kuliko kiboko. Huko Marekani unapendwa sana. Huko huko, Texas, wana namna nyingine wanayoiita 42 ambayo inachezwa kama karata, kwa kunadi na kubeba. Cuba wanatumia seti kubwa ya kete 55, inayofika tisa-tisa, kila mtu kumi, na kumi na tano zinalala. Wajamaika wana yao ya kushinda sita mfululizo. Aliyefungwa sita bila kupata hata moja hasahaulishwi upesi. Yote hayo ni mazuri, na dereva yeyote mgeni akipita hapa na namna yake, mwacheni awafundishe.

Lakini mchezo wenyewe, ule ninaoutaka kwenu, ni wawili kwa wawili.

Watu wanne, wenza wanakaa wakitazamana, kete zote 28 zinagawiwa na hakuna inayolala. Mzunguko wa kwanza anafungua mwenye sita-sita. Mizunguko inayofuata wanafungua walioshinda. Atakayemaliza kete zake kwanza amewashindia yeye na mwenzake, na nukta zilizobaki mikononi mwa wapinzani zinaandikwa upande wa washindi, mpaka upande mmoja ufike mia au kiwango mlichokubaliana. Mchezo ukifungwa, yaani hakuna mwenye kete inayokubali, kila upande unajumlisha nukta zake na wenye chache ndio washindi.

Hapa hakuna ghala. Kila kete iko kwa mtu. Usiyoiona mezani na usiyoishika wewe, iko kwa mmoja kati ya watatu walioketi nawe, na wao wenyewe watakuambia iko wapi, wakitaka wasitake.

Wanakuambia kwa pasi. Kijana wa siku hizi mpinzani wake akigonga meza anacheka, "Umekula pasi!", anafurahi, anasahau. Kicheko hicho kinakugharimu. Ncha zilikuwa nne na mbili, yule bwana amegonga. Maana yake hana nne hata moja wala mbili hata moja, na hatakuwa nazo mpaka mchezo uishe kwa sababu hakuna pa kuokota. Umepewa siri mbili za uhakika bila kulipa senti. Kuanzia hapo kazi yako ni kuirudisha ile nne kila inapowezekana, upande wake ukauke. Na kama ni mwenzako aliyegonga, kazi yako ni kinyume chake: zifunike hizo namba haraka, mfungulie njia.

Wanakuambia pia kwa kile wanachokilaza bila kulazimishwa. Mwenzako akifungua kwa tatu-tatu wakati hakuna aliyembana, anakuambia ana tatu nyingi. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mnapokosea. Zamu inakufikia, ncha moja ni ile tatu ya mwenzako, nyingine ni ya mpinzani. Unayo kete inayokubali pande zote. Wewe unaiziba tatu kwa sababu imekuwa karibu na mkono wako, au kwa sababu unataka kumaliza kete zako mapema uonekane wewe ndiye uliyefunga. Umemkaba mwenzako kwa mikono yako mwenyewe. Mchezaji mzuri anakubali kubaki na kete nzito mkononi, azomewe na watazamaji, ili mwenzake atoke. Nimeona wachimbaji wanne wa duara moja wanaoaminiana kwenye kamba mita nyingi chini ya ardhi, wakipanda juu na kukaa mezani kila mmoja anacheza peke yake. Sijawahi kuelewa.

Dabo zitoeni mapema, hasa nzito, kwa sababu dabo haina mlango wa pili: tano-tano inatokea kwa tano tu. Lakini msiifanye kuwa sheria. Ukiwa na dabo ya namba ambayo wewe mwenyewe umeishika kwa wingi, ina usalama, inaweza kusubiri.

Sasa niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu, mkiwa na seti ilazeni mezani mfuatilie.

Mko raundi ya tano ya mzunguko wa kwanza. Wewe ndiye wa nne kucheza, na hakuna aliyegonga hata mara moja. Kete 19 ziko chini, zamu ni yako, una kete tatu: tano-mbili, tupu-moja na moja-moja. Ncha za mezani ni tano upande mmoja, mbili upande mwingine. Unatazama tano zilizolala: tano-tupu, tano-moja, tano-tatu, tano-nne, tano-tano, tano-sita. Zote ziko chini. Ya saba ni hii uliyoishika.

Una njia mbili. Ukiibandika upande wa tano, ncha zote zinakuwa mbili na mchezo unaendelea. Ukiibandika upande wa mbili, ncha zote zinakuwa tano, na tano zimekwisha duniani. Umefunga. Swali ni moja tu: nukta zenu zitakuwa chache kuliko zao?

Asiyehesabu anasema, "Nifunge, Mungu atajua." Anayehesabu anajumlisha zilizo mezani. Tuseme ukishalaza ya kwako zinafika 124. Toa kwenye 168, zinabaki 44 mikononi mwa watu wanne. Wewe utabaki na tupu-moja na moja-moja, nukta tatu. Kwa hiyo 41 ziko kwa wale watatu, na kila mmoja amebakiwa na kete mbili. Hujui mwenzako ana nini. Haya, mpe mabaya kabisa. Tano zote zimetoka. Sita-sita imetoka tangu kufungua. Kete nzito kuliko zote zinazoweza kuwa bado mkononi mwa mtu ni sita-nne, nukta kumi, na sita-tatu, nukta tisa. Hata kama mwenzako amezishika hizo mbili, ana 19. Na zako tatu, 22. Wapinzani wanabaki na 41 kutoa 19, nao ni 22. Mmetoka sare. Katika hali mbaya kuliko zote zinazowezekana, hamfungwi. Katika nyingine zote mnashinda. Funga, mwanangu, na uweke kete taratibu bila kuvunja meza.

Bahati iko wapi hapo? Mgawo ulikupa tupu-moja na moja-moja, vikete ambavyo mwanzoni ulivinunia. Ndivyo vilivyokuokoa.

Kuna jingine litokanalo na zile ncha nane, na hili huwa nalihifadhi kwa ajili ya meza zenye watu wajanja wajanja. Wanne mkigawana kete zote na mchezo ukafungwa kihalali, ncha mbili za mezani lazima ziwe namba moja. Haiwezekani upande huu tano upande ule tatu, na watu wote wanne wakose. Kila namba ina ncha nane, ndani ya mstari zinashikana mbili mbili, kwa hiyo zinazobaki wazi haziwezi kuwa moja. Na kwa sababu hiyo hiyo, jumla ya nukta zilizobaki mikononi mwa wote wanne itagawanyika kwa mbili siku zote. Mkijumlisha mkapata 37, msianze kuandika. Kuna mtu amehesabu vibaya, au kete imebandikwa pasipo pake tangu mapema, au kuna mwenye kete ambayo ameikalia akagonga meza kwa uongo. Zigeuzeni zote, mstari usomwe kete moja moja tangu mwanzo. Wizi mwingi wa mezani unapona kwa sababu watu wanabishana badala ya kujumlisha.

Mtaniambia dhumna ni mambo ya pwani, yanatuhusu nini sisi Wasukuma na Wasumbwa na Waha wa njia panda. Mababu zenu walikuwa wanahesabu kabla ya kete za plastiki kufika. Wasukuma wana isolo, mashimo yamepangwa mistari minne, na wavulana, wanawake na wanaume kila kundi lilikuwa na namna yake ya kuicheza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, linaanza na namua, kila mtu ana kete 22 za kuingiza moja moja, kisha mtaji. Rwanda wana igisoro, Uganda omweso, navyo ni mashimo 32 na kete 64. Kwa hiyo dereva wa Kigali akipaki hapa kwetu usiku, mkae naye kwenye bao moja, baada ya robo saa kila mmoja ameshajua mwenzake amelelewa na mchezo. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, hilo linajulikana. Tofauti ni kwamba kwenye bao kila kitu kiko wazi, mjanja ni yule anayeona mbali. Kwenye dhumna sehemu imefichwa, mjanja ni yule anayesikia. Mjifunze vyote viwili. Drafti ya vizibo vya soda nayo ni nzuri, sina ugomvi nayo, ingawa kelele zake zinanichosha.

Na hapo kwenye isolo niseme jambo. Bibi zenu walikuwa wanacheza. Leo msichana akisogea kwenye meza ya dhumna mnamwangalia kana kwamba amekuja kudai deni. Yule mama anayeuza mihogo pembeni yenu anajumlisha kichwani madeni ya watu wengi na chenji ya kila mmoja bila daftari. Mkimpa kete saba atawafunga wote. Labda ndiyo maana hamumwiti.

Pesa. Nilijua tutafika. Sichezi dhumna kwa pesa na sitaki mcheze, na sababu yangu si ile ya mahubiri tu. Mkiweka elfu mbili mbili mezani, kesho yake anayecheza vizuri hana wa kucheza naye, na anayecheza vibaya ameacha kujifunza, anakimbizana na elfu zake. Mchezo unakufa. Chezeni kwa kuinuka: wanaofungwa wanainuka, wawili waliokuwa wakisubiri wanakaa. Adhabu ya kuinuka inauma kuliko elfu mbili, na haimnyimi mtoto wako uji.

Zile mashine zinazomeza sarafu kwenye vibanda ni habari nyingine kabisa, msizitaje pamoja na dhumna mbele yangu. Mashine imepangwa mapema mwenye mashine abaki na faida. Unaweza kuihesabu mpaka macho yawe mekundu, huna unachokibadilisha. Nchi ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake, na mtoto wa chini ya miaka 18 hatakiwi kusogea. Nawaona wanaosogea. Nawaona pia watu wazima wanaowapa sarafu. Kijana aliyepata mgao wake asubuhi na jioni anaomba nauli ya kurudi machimboni hakukosa bahati. Alikaa kwenye meza ambayo hesabu yake ilishafungwa kabla hajafika.

Saa pia zina hesabu. Viongozi wa wilaya na mikoa wamewakimbiza vijana kwenye meza za pool asubuhi, na wakija kwenye dhumna sitawatetea kama ni saa nne na mashamba yana majani. Lakini duara likiwa linavutwa maji, au umeme wa karasha umekatika, au ni jioni baada ya kazi, kaeni. Mtu anayekaa mezani na watu watatu wenye akili hapotezi muda kuliko yule aliyeinamia simu peke yake akisubiri dakika za nyongeza za timu asiyoijua iko nchi gani.

Kuhusu adabu ya meza sitasema mengi, mnaijua mkitaka. Kupigiza kete kwa kishindo ni raha, pwani wanapigiza mpaka vikombe vinaruka, ruksa. Kumkonyeza mwenzako, kukohoa mara mbili ukiwa na nne, kugusa sikio: hayo ni wizi hata kama hakuna pesa. Kusita makusudi wakati kete unayo moja tu ya kulaza, ili mpinzani adhani unazo mbili, hilo wazee wengine wanalikubali. Mimi silikubali kwenye meza yangu. Na anayesimama nyuma ya mtu akaona kete zake, afunge mdomo. Watazamaji wa Runzewe mna maneno kuliko wachezaji.

Basi kabla ya kete ya kwanza kulala, kubalianeni kwa sauti watu wote wasikie. Tunazunguka kulia au kushoto. Tunacheza mpaka mia au mpaka mia mbili. Mchezo ukitoka sare, nukta zinapotea au zinasubiri mzunguko unaofuata. Mwenye dabo tano mkononi anaruhusiwa kuomba kete zikorogwe upya, au anavumilia. Mkishakubaliana hayo manne, nusu ya ngumi za kijiweni zimekwisha.

Seti moja inatosha kijiwe kizima, na Kahama zinapatikana. Changeni, mnunue, ziandikeni kwa wino kwamba ni za kijiwe ili mtu asiziweke mfukoni. Ikipotea kete moja msicheze kwa kubahatisha na kipande cha boksi kilichochorwa nukta. Kila mtu anaitambua hata ikiwa kifudifudi, na mchezo wenye kete inayojulikana si mchezo. Mkishanunua, niiteni. Nitakaa nyuma ya bega la mmoja wenu na sitasema neno mpaka mchezo ufungwe. Baada ya hapo nitawauliza wote wanne swali moja: ni nani aliyegonga kwenye mbili, na ilikuwa raundi ya ngapi. Asiyejua atainuka, ampishe mwingine.